CHAFYA YA MAREHEMU

Mguu mmoja ulikuwa darini, mwingine hewani, na mlango wa jiko ukaanza kufunguka. Hapo ndipo tulipomkatia msomaji pumzi Jumapili iliyopita. Sasa aivute, kwa maana Kipkosgei aliuwahi mguu wake.

Aliunyakua juu, akajilaza kifudifudi kwenye kuni na vibuyu vya maziwa, na mlango ukafunguka wote. Ukungu wa kijiji cha Boito ndio ulioingia kwanza. Nyuma ya ukungu waliingia wanawake.

Kwa yule aliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, habari ni fupi. Kipkosgei, fundi wa boila katika kiwanda cha chai, kijana mwenye kiburi cha jogoo na ulimi wa mashairi, aliingia katika benki moja mjini Bomet pamoja na rafiki yake Kiplangat. Nyuso walizifunika kwa soksi. Bunduki yao ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi nyeusi ya viatu, na iliacha alama kwenye kila kitu ilichokigusa, pamoja na shati jeupe la meneja. Walitoka na gunia. Gari lao likaruka daraja la mto Kipsonoi, likatumbukia majini. Baada ya siku chache maji yalimrudisha Kiplangat akiwa maiti. Gunia halikurudi. Kipkosgei naye hakurudi, na nchi nzima ya chai ikakubaliana kwamba samaki walikuwa wamemaliza kazi.

Lakini Kipkosgei alikuwa hai. Au alidhani yuko hai.

Hilo ndilo lililomtesa. Tangu mtoni hakuwa amekauka. Alilala katika msitu wa mikaratusi, akawasha moto mchana, akaanika shati mpaka likawa gumu kama gome. Lakini akilivaa, mgongo ulikuwa majimaji. Nyuma yake mtu alikohoa, kikohozi cha mtu aliyemeza maji mengi, na alipogeuka hapakuwa na mtu, palikuwa na mikaratusi tu. Wachumaji chai waliomwona kwa mbali walitupa vikapu wakakimbia. Aliwasalimu, hawakuitikia. Binadamu akikaa kitambo kirefu bila mtu wa kumwitikia salamu, huanza kujiuliza maswali.

Leo njaa ndiyo iliyomtoa msituni. Alijua kwamba saa hiyo mama yake, Tecla, huwa shambani akichuma. Aliingia jikoni, akakamata kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha yenye masizi ya mkaa, na alikuwa amekunywa nusu yake aliposikia nyayo. Sasa alikuwa darini, kibuyu kifuani, mdomo mweupe, uso na nywele vimejaa majivu ya miaka mingi.

Alichungulia kupitia ufa.

Aliyetangulia alikuwa nyanya yake, Kogo, mkongojo wake mkononi, macho yake yamefifia lakini mdomo bado una makali. Wa pili alikuwa Tecla. Wa tatu alikuwa Janeffer, mke wa kaka yake Jonah, amembeba mtoto wa kiume ambaye hakuwa amemaliza wiki duniani.

Kipkosgei akaelewa, na jasho likamtoka. Hawa walikuwa wamekuja kumwita mtoto jina.

Wakipsigis wana desturi hiyo, na kanisa limeshindwa kuiondoa. Mtoto hapewi jina la ukoo ovyo. Wanawake hukaa ndani, wakataja majina ya wafu wa upande wa baba, mmoja baada ya mwingine, na ugoro kidogo unaletwa karibu na pua ya mtoto. Jina atakalolipigia chafya ndilo lake. Maana yake ni kwamba marehemu yule amekubali kurudi, na ameingia ndani ya mtoto. Mwanamume haruhusiwi kuwemo, awe chifu au padri. Na mwanamume wa ukoo akijificha darini akasikiliza, hakuna aliyewahi kusema atafanywa nini, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwa mjinga kiasi hicho.

Halafu akaingia wa nne.

Kipkosgei akabandika jicho kwenye ufa.

Alikuwa Celine Ayoo, karani wa benki, binti Mjaluo wa Sondu. Mwaka mzima Kipkosgei alikuwa akipanga foleni mbele ya dirisha lake, hata siku ambazo hakuwa na la kuweka wala la kutoa, ili tu amwambie ubeti kupitia kioo:

*Wahesabu noti zao, moyo wangu wauacha,*
*Nifungulie mlango, nisikeshe hadi kucha.*

Na Celine alimjibu, bila kuinua macho, kwamba wanaofuata wanangoja. Lakini alitabasamu. Kwa tabasamu hilo Kipkosgei aliamua kwenda kwa baba yake huko Sondu akiwa na ng'ombe, si akiwa na mashairi. Na ni kwa ajili ya ng'ombe hao ndipo akavaa soksi usoni.

Siku ya wizi adabu ilimponza. Alifika dirishani kwa Celine na bunduki ya mbao, na badala ya kupiga kelele akasema, "Tafadhali." Celine aliitazama ile soksi. Mbele ya meneja na wateja wote akasema kwa sauti, "Kipkosgei, umelewa?" Kisha akacheka.

Hakubonyeza kengele. Alicheka. Polisi walipata jina la mwizi kutoka kwenye kicheko hicho, na benki ikapata mshukiwa wake wa ndani. Karani gani, waliuliza, huibiwa akicheka?

Sasa huyo hapo, amekonda, koti lake la kazini limemlegea mabegani, amekaa kwenye kigoda jikoni kwa akina Kipkosgei. Kutokana na maneno ya chini chini Kipkosgei alielewa kilichomleta. Inspekta Kepher, askari anayeshughulikia kesi, alikuwa amemleta hapa na gari la serikali ili wamhoji Tecla pamoja. Walipofika, Kogo alisimama mlangoni akamwambia inspekta kwamba leo mwanamume haingii, hata akiwa na bastola mbili. Akamwambia tena kwamba msichana anaweza kuingia, mwanamke ni mwanamke, na kwamba kama anataka sana kujua ikiwa Kipkosgei amekufa au hajafa, akae nje anywe chai angoje. Mtoto atamwambia.

Inspekta alikuwa mtu wa Kisumu. Alikuwa amepekua mto wote asipate maiti ya pili. Alikuwa amechoka. Alikaa, akapewa chai.

"Mnamaanisha mtoto atasema kama amekufa?" Celine aliuliza.

"Tukimwita aliye hai, mtoto hapigi chafya," Kogo alisema. "Hata umwekee ugoro wa kijiji kizima. Aliye hai harudi, kwa sababu hajaenda."

Tecla alisema kwa sauti kavu kwamba hataki jina la mwanawe litajwe. Maiti haijaonekana. Kogo akamjibu kwamba ndiyo sababu watalitaja mwishoni, baada ya wengine wote kukataa.

Pale darini Kipkosgei akaanza kupiga hesabu yake. Mtoto akipiga chafya kwa jina lake, basi amekufa, na hakuna mahakama ya kijiji hiki itakayombishia Kogo. Inspekta atafunga faili. Nani anamtafuta maiti? Ataondoka usiku huohuo, avuke mpaka, abadilishe jina, siku moja amwite Celine. Akafumba macho akamwomba mpwa wake mchanga, kwa unyenyekevu ambao hakuwahi kumwonyesha mtu yeyote mzima, apige chafya.

Kogo akaanza.

Alimwita Arap Mosonik, babu wa mababu. Moshi wa mafiga ukapanda. Mtoto akalala tu.

Alimwita Arap Chumo, yule aliyekufa vitani ugenini. Mtoto akakunja midomo, akalala.

Sasa, msomaji, nikuambie kilichotokea juu. Kila jina lilipotajwa, dari ilizidi kuwa na watu. Kipkosgei hakuona kitu, lakini kuni zilizo kando yake zililia kama zinazolemewa. Lilipotajwa la kwanza, kitu kilijilaza miguuni pake. Lilipotajwa la pili, kitu kilijisogeza ubavuni. Kogo alipomwita Kimeto, baba yake Kipkosgei, ile harufu ya tumbaku na ngozi ya ndama aliyoijua tangu utotoni ilikuja ikatua karibu na shavu lake, na akasikia pumzi, taratibu, ya mzee anayengoja zamu yake aone kijana atafanya nini.

Mtoto hakupiga chafya kwa Kimeto.

Na hapo mwingine akajilaza upande wa pili, ambaye hakuwa ameitwa, ambaye hakuwa hata wa ukoo. Huyo alikuwa baridi. Huyo alikuwa analowesha. Alikohoa kikohozi cha maji, polepole, sikioni.

"Huyu mtoto ana kichwa ngumu," Kogo alisema kule chini. "Amekataa hata babu yake mwenyewe. Janeffer, mwinue kidogo."

Janeffer, ambaye hakuwa amelala vizuri tangu ajifungue, alisema kwamba kwani wakimwita Benard tu, la ubatizo, kuna ubaya gani. Kogo alichota ugoro mwingine, mwingi, akausugua kati ya vidole, na vumbi lake likapanda pamoja na moshi, likapita kwenye ufa, likamwingia Kipkosgei puani.

Alibana pua. Akauma kidole. Machozi yakamtoka.

"Kipkosgei," Kogo aliita. Aliita kwa upole, kama mtu anayemwita mtoto aje ale. "Kipkosgei wa Kimeto. Kama umetutoka, rudi. Tumekungoja."

Na chafya ikasikika jikoni.

Haikuwa ya mtoto. Ilikuwa chafya ya fundi wa boila, iliyobanwa, ikapasuka ikarusha majivu. Lakini moshi ulikuwa mzito. Kogo hakuwa na macho. Tecla alikuwa ameinamisha uso magotini asitazame. Waliobaki ni wawili: Janeffer, aliyemshika mtoto na kujua vizuri kwamba mtoto amelala fofofo, na Celine, aliyekuwa ameelekeza macho moja kwa moja kwenye kile kinywa kidogo kilichofungwa.

Kogo akauliza, "Amepiga?"

Janeffer akatazama mtoto. Akatazama moshi. Akafikiria majina yote ambayo yangefuata, na jioni ilikuwa bado mbali.

"Amepiga," alisema.

Kogo akapiga vigelegele. Sauti yake ilitoka nje ikashuka mpaka mashamba ya bonde, na kutoka nyumba za jirani vigelegele vingine vikaitikia bila kujua ni vya nani. Kipkosgei alikuwa amepata alichokitaka. Alikuwa amekufa rasmi.

Kisha Tecla akalia.

Hakuwa amelia tangu habari za mtoni. Majirani walimsema kwa hilo. Walisema ana moyo wa mawe, au anajua alipo mwanawe. Sasa alilia kwa sauti ya chini, ya mbali, kama ng'ombe aliyenyang'anywa ndama, na kati ya kilio alikuwa akisema maneno madogo madogo. Alimuuliza Kipkosgei kama maji yalikuwa baridi. Alimuuliza kama alimwita. Alimwomba msamaha kwa kuwa hakusikia.

Mwanawe alikuwa juu ya kichwa chake, umbali wa mkono. Alilala hapo akanyamaza. Upande wake wa kushoto baba yake alikuwa ameacha kupumua, kama anayesikiliza.

Celine ndiye aliyeinua macho. Yalipanda na moshi taratibu, yakafika kwenye ufa, yakakutana na jicho moja jekundu lililozungukwa na majivu. Hakupiga kelele. Rangi ilimtoka usoni, ikarudi, na midomo yake ikatamka kitu bila sauti. Kipkosgei alikuwa amesoma midomo hiyo kupitia kioo mwaka mzima. Ilisema: *Mjinga wewe.*

Mlango ukabishwa. Inspekta Kepher alikuwa kwenye kizingiti, kofia mkononi, akijitahidi kuuheshimu mpaka kwa kuacha viatu nje na kuingiza kichwa ndani. Aliuliza kama vigelegele maana yake kumejulikana kitu.

"Kipkosgei amekuja," Kogo alisema. "Ako hapa."

Mkono wa inspekta ukaruka kiunoni. "Wapi?"

Kogo akamwonyesha mtoto.

Inspekta akamtazama mtoto. Akauachia mkanda. Akasema kwamba yeye kwao hawana mambo ya chafya, lakini wakubwa wake wamemsumbua vya kutosha, na kama ukoo wenyewe umekubali kwamba mtu wao amekufa, basi ataandika hivyo. Kesi haitamhitaji tena Kipkosgei. Aliongea kwa upole, akatoa pole kwa mama. Kisha akamgeukia Celine na sauti ikabadilika.

Akamweleza kwamba wezi walikuwa wawili na wote sasa ni marehemu. Gunia limepotea. Benki inataka mtu. Mpaka leo asubuhi palikuwa na nafasi kwamba Kipkosgei angepatikana, akasema kwa mdomo wake kuwa karani hakujua chochote. Nafasi hiyo imekwisha. Sheria ya wizi wa watu wawili au zaidi haina kifungo cha miaka, ina kamba, na aliyesaidia kutoka ndani huhesabiwa pamoja nao.

"Beba mkoba, Celine," alisema. "Twende."

Hapo ndipo Kipkosgei alipouona mwisho wa hesabu yake. Kifo chake kilikuwa kimemfungua yeye kikamfunga Celine. Alikuwa amepiga chafya, na chafya hiyo ilikuwa imemvisha kitanzi mtu wa pekee aliyewahi kutabasamu kwa mashairi yake.

Celine alisimama. Aliinua macho mara moja tu kuelekea ufa, akatikisa kichwa kidogo. *Usishuke.*

Tangu lini Kipkosgei akafanya alichoambiwa? Alisukuma kuni, dari ikaachia, akaanguka katikati ya jiko na kuni, mahindi ya mbegu na vibuyu vitatu. Akasimama. Alikuwa wa kijivu kutoka nywele hadi kucha, mdomo mweupe kwa mursik, macho mekundu kwa ugoro.

Janeffer akamfunika mtoto kwa shuka lote. Inspekta alisahau desturi, akaingia.

"Huyu ni nani?"

Wanawake watatu wakajibu kwa pamoja, na kila mmoja akajibu kwa njia yake. Kogo alisema ni kivuli tu, kilichobaki, kitaondoka chenyewe kikinyunyiziwa maziwa. Tecla, machozi bado yakimtiririka, alisema ni fundi aliyekuja kutengeneza paa. Celine alisema, "Ni mume wangu."

Inspekta akawaangalia wote. "Fundi wa paa," alisema, "mbona ana maziwa mdomoni?"

"Ni fundi mwenye njaa," Tecla alisema.

"Na wewe, mume wako anaitwa nani?"

"Owiti," Celine alisema bila kupepesa. "Wa kwetu Sondu. Alinifuata kwa sababu ana wivu."

Inspekta Kepher akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alimsogelea yule mtu wa majivu, akamnyooshea mkono, na kwa Kijaluo safi cha ziwani akamsalimu, "Omera, Owiti, idhi nade?" Akangoja.

Mursik ilikauka mdomoni mwa Kipkosgei. Neno moja la Kijaluo hakulijua, ila jina la Celine.

"Mimi si Owiti," alisema. Sauti ilitoka imepasuka. Hakuwa amezungumza na mtu tangu mtoni. "Mimi ni Kipkosgei wa Kimeto. Niliiba benki. Huyu msichana hakujua lolote. Alicheka kwa sababu nilikuwa kichekesho. Nifunge mimi."

Kisha Kogo akasema, kwa utulivu wa mtu anayesahihisha mtoto, kwamba huyo anadanganya. Kipkosgei amelala pale kwa Janeffer. Hawezi kuwa mahali pawili.

"Kogo, ni mimi," Kipkosgei alisema.

"Ulikuwa wewe," Kogo alisema.

Na jambo la kutisha ni kwamba alipoitazama mikono yake, ya kijivu, ikidondosha maji ambayo hayakuwa jasho, hakuwa na uhakika kwamba bibi kizee huyo amekosea. Kitambulisho chake kilikuwa kimezama mtoni. Picha yake pekee pale nyumbani ilikuwa ya ubatizo. Jonah alikuwa amekwenda kituo cha kuuzia majani ya chai. Duniani pote, hapo ndani, alihitaji mtu mmoja aliye hai aseme kwamba naye yu hai.

Inspekta naye aliliona hilo. Hakuwa mjinga, alikuwa amechoka tu. Alimgeukia Tecla na akazungumza polepole, ili baadaye asiseme hakuelewa.

"Mama, wewe ndiye uliyezaa. Ukisema huyu ni mwanao, namchukua yeye, na msichana anaenda kwao leo. Ukisema si yeye, huyu ni mwendawazimu ameingia kwa nyumba ya watu, namwacha hapo, naenda na msichana. Ni wewe useme."

"Mama," Kipkosgei alisema. "Mwambie."

Tecla alisimama. Alikuja karibu naye, karibu sana, mpaka akaweza kusikia pumzi yake. Akamtazama nywele, akamtazama kovu la nyusi ambalo yeye mwenyewe alilifunga kwa kitambaa miaka ile. Kipkosgei aliona macho ya mama yake yakimjua. Yalimjua yote, tangu kuzaliwa. Na nyuma ya kumjua huko aliiona ile kamba.

Tecla akamtazama Celine. Celine hakuomba. Alikuwa ameukumbatia mkoba kifuani na kidevu kimeinuka.

"Mwanangu," Tecla alisema, "hangelala juu ya kichwa changu akanisikiliza nikilia." Akageuka. "Huyu simjui."

Inspekta akavaa kofia.

Walitoka. Kipkosgei aliwafuata mpaka mlangoni akisema ni yeye, ni yeye, na hakuna aliyegeuka. Lendirova ya serikali ilikuwa langoni, na usukani ulishikwa na konstebo Bethwel, kijana wa Kaplong ambaye muda wote huo hakuwa ametoka kwenye gari. Bethwel alimfungulia Celine mlango wa nyuma, akauliza kwa heshima mtoto ameitwa nani. Aliambiwa. Akavua kofia, akasema pole, akawasha gari.

Kipkosgei alibaki uani. Huru, bila faili, bila jina. Mlangoni Tecla alikuwa amesimama, na sasa alikuwa akimwashiria kwa mkono, mkono mdogo wa chini, wa haraka: nenda, kimbia, msitu ule pale.

Alikimbia. Lakini hakukimbilia msitu.

Barabara ya Boito huzunguka kilima kabla ya kushuka. Anayekata katikati ya michai hulitangulia gari. Aliingia kwenye chai iliyomfika kiunoni, matawi yakamchana miguu, na kwa mara ya kwanza tangu mtoni alisikia maumivu, makali, ya moto, akayafurahia kama mlevi. Damu. Maiti haitoki damu. Alitokeza kwenye kona ya kwanza, akasimama katikati ya barabara, akatandaza mikono.

Ukungu ulikuwa mzito. Taa mbili za manjano zikachomoza ndani yake.

Ndani ya Lendirova, inspekta alikuwa ameinamia kiberiti akiwasha sigara. Celine ndiye aliyeona, kutoka nyuma, na akapiga kioo kilicho nyuma ya dereva kwa ngumi zote mbili.

Bethwel naye alikuwa ameona. Aliona mtu wa kijivu, mdomo mweupe, mikono imetandazwa, amesimama pale ambapo sekunde moja iliyopita palikuwa na ukungu mtupu. Alikuwa ametoka kuambiwa kwa masikio yake kwamba Kipkosgei ameshaitwa, ameshaitika, na amelala mikononi mwa mama mzazi. Na Bethwel alikuwa mtoto wa nchi hii. Nyanya yake alimfundisha tangu akiwa mdogo kwamba wa namna hiyo akikusimamia njiani, husimami. Ukisimama anapanda.

Mguu wake ukaiacha breki. Ukakanyaga mafuta mpaka mwisho.